Sura ya Sita: Sekunde 120

Kila seva ya Linux iliyowekewa kifurushi cha open-iscsi ina faili inayoitwa /etc/iscsi/iscsid.conf. Ukiifungua utapokewa na mistari mingi ya maelezo, na katikati yake mistari michache ambayo ndiyo inayotenda kazi. Mmojawapo ni huu: node.session.timeo.replacement_timeout = 120. Kwa mstari huo seva inaagizwa kwamba ikipotezana na diski zake zilizo upande wa pili wa mtandao, isubiri sekunde 120. Zikipita kabla mawasiliano hayajarudi, iache kusubiri na iziambie programu zote kwamba diski hazipatikani.

Fundi anayeweka seva mjini Kakamega huikuta namba hiyo imeshaandikwa. Kwa kawaida haigusi, na simlaumu. Ana nyaya za kuvuta, ana watu wanaotaka kuingia kwenye mfumo kabla ya saa kumi, na faili yenyewe ni ndefu. Chaguo-msingi lipo kwa ajili ya mtu kama huyo: limeshaamua kwa niaba yake. Ndiyo sababu nalichukulia kwa uzito. Anayelichagua anaamua mambo ya watu ambao hatawaona kamwe, nao mara nyingi hawatajua kwamba kuna lililoamuliwa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. SCSI ni utaratibu wa siku nyingi ambao kompyuta hutumia kuiagiza diski: soma hapa, andika pale. Kiwango cha iSCSI, kilichochapishwa Aprili 2004 kwa jina RFC 3720, kilizifunga amri hizo ndani ya TCP, itifaki ile ile inayobeba barua pepe na kurasa za wavuti, zikaweza kupita kwenye waya wa kawaida wa mtandao kupitia mlango wa 3260. Kabla ya hapo, ofisi iliyotaka seva kadhaa zitumie ghala moja la diski ilielekezwa kwenye Fibre Channel, yenye kadi zake, nyaya zake, swichi zake na bei zake. Kwa iSCSI sanduku moja la diski na swichi ya kawaida vinatosha. Ndiyo maana teknolojia hii inafaa sana miji kama Kakamega, ambako chama cha akiba na mikopo au hospitali inahitaji hifadhi ya kuaminika lakini haina bajeti ya benki kubwa.

Ila kuna sharti. Seva inayotumia iSCSI hailetewi faili, kama ilivyo kwa NFS. Inaletewa diski, nayo inatandika juu yake mfumo wake wa faili, ext4 au XFS, kisha hifadhidata. Kwa hiyo inauamini mtandao kama inavyoiamini diski iliyokazwa kwa skrubu ndani yake. Mtandao hauna tabia za diski, na hapa Kakamega hauna kabisa.

Huu ni mji wa mvua. Msitu wa Kakamega, ulio mashariki yake, ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo, na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu kubwa ya mvua hiyo hushuka alasiri, na haiji kimya. Hewa yenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Victoria, mawingu hujikusanya mchana, na kufikia saa tisa au saa kumi ngurumo zimeanza. Watu huchomoa televisheni bila kuambiwa. Si ajabu stima ikapotea kabla ya tone la kwanza kugusa bati.

Kuna kupotea kwa stima ambako hakuhusiani na sura hii. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, karibu Kenya yote iliingia gizani, na baadhi ya maeneo yalikaa hivyo kwa saa nyingi sana. Hakuna namba ndani ya iscsid.conf inayoweza kuuvuka usiku kama ule. Dawa yake ni betri zinazoipa kila mashine nafasi ya kujizima kwa utaratibu, hifadhidata kwanza, ghala la diski mwisho. Namba tunazozungumzia ni za ile stima ya msimu wa masika inayopotea, ikarudi, ikapotea tena, huku jenereta ikiwaka mara ya kwanza au ya tatu.

Hebu tuifuate dakika kwa dakika. Seva iko kwenye UPS. Ghala la diski liko kwenye UPS hiyo hiyo. Swichi inayoviunganisha iko kwenye kabati dogo ukutani, imechomekwa kwenye soketi ya karibu, na soketi hiyo haina uhusiano wowote na UPS. Mpangilio huu ni wa kawaida kuliko inavyostahili, kwa sababu swichi ni ndogo, haina kelele, na hakuna anayeihesabu kuwa sehemu ya diski. Wakati kwa hakika ndiyo waya wa diski.

Radi inapiga, stima inapotea. Seva iko hai, diski ziko hai, katikati hakuna njia. TCP yenyewe haina haraka ya kugundua. Inadhani pakiti zimechelewa tu, inazituma tena. Kwa hiyo open-iscsi ina ulizo lake dogo, noop: kila baada ya sekunde 5 za kimya seva huliuliza ghala kama bado lipo, na hungoja jibu kwa sekunde nyingine 5. Kama sekunde kumi baada ya swichi kuzimika, kerneli inaandika kwenye logi kwamba ulizo halikujibiwa na muunganisho umekatika. Hapo ndipo ile saa ya sekunde 120 inapoanza kuhesabu.

Mpaka sasa hakuna kilichoharibika. Programu zinazotaka kuandika zimezuiwa zingoje. Mhasibu, ambaye laptopu yake inaishi kwa betri na ruta ya wifi iko kwenye UPS, amebonyeza kitufe cha kuhifadhi, na kiduara kinazunguka kwenye skrini.

"Kijana, hii mashine imekwama tena?"

"Haijakwama, Mama. Inasubiri swichi. Tafadhali usibonyeze mara ya pili."

Kijana yuko sahihi, kwa sasa. Nje, mlinzi ametoka langoni kwenda kuwasha jenereta, na ikiwa ni ya kuvuta kamba, dakika moja imekwisha kabla haijashika. Swichi inapata stima. Lakini swichi inayosimamiwa nayo ni kompyuta. Inapakia mfumo wake kwanza, na nyingi huchukua dakika moja au zaidi. Ikiwa imeachiwa spanning tree ya zamani, ile inayozuia mtandao kujizungusha, kila tundu linasikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde nyingine 15 kabla ya kupitisha chochote. Jumlisha: dakika ya mlinzi, dakika ya swichi, nusu dakika ya matundu. Ni sekunde 150. Seva ilikuwa na sekunde 10 za kugundua na 120 za kusubiri, yaani 130.

Kwa hiyo sekunde ishirini kabla ya mambo kuwa shwari, kerneli inaandika kwamba muda wa kuufufua muunganisho umekwisha. Mistari ya makosa inafuatana upesi. Kila kilichokuwa kinasubiri kinarudishiwa kosa. Mfumo wa ext4, ukishindwa kuandika kwenye jarida lake la ndani, unajifunga na kubaki wa kusomwa tu. Kisha matundu ya swichi yanafunguka, taa za kijani zinawaka, iscsid inaunganisha tena bila shida yoyote, na diski ziko pale pale, nzima kabisa. Lakini hifadhidata imeanguka, na kijana atatumia jioni yake kuukagua mfumo wa faili kwa fsck huku Mama akiuliza kwa simu kama atafunga hesabu leo au kesho.

Ningependa msomaji auone uzito wa tofauti hii ya sekunde ishirini. Kukatika kulikuwa kwa muda, diski hazikupoteza hata herufi, lakini namba iliyochaguliwa kwa ajili ya chumba kingine kabisa iligeuza usumbufu mfupi kuwa hitilafu.

Na kosa la kuandika ni zito kuliko hata wataalamu walivyodhani. Mwaka 2018 Craig Ringer, mmoja wa wanaoitengeneza PostgreSQL, aliibua jambo lililowashtua wengi. Hifadhidata inapotaka uhakika kwamba data imefika kwenye diski, huiomba Linux kwa mwito uitwao fsync. Diski ikishindwa, Linux ilikuwa inarudisha kosa mara moja tu, na ukurasa wa data ulioshindwa kuandikwa uliweza kuwekewa alama kana kwamba umeshaandikwa. PostgreSQL ikijaribu tena, ikajibiwa kuwa mambo ni sawa. Data haikuwepo. Matoleo ya Februari 2019 yalibadilishwa: fsync ikishindwa, PostgreSQL hujiangusha kwa makusudi, kisha inajijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu zake za miamala. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kwa hifadhidata nyingine na programu nyingine zisizo na uangalifu huo, bora kosa lisizaliwe kabisa.

Waliotengeneza NFS, iliyoanzia Sun Microsystems mwaka 1984, walikutana na swali hili mapema. Linux ikiunganishwa na folda ya NFS bila maagizo zaidi hutumia namna iitwayo hard: inasubiri bila kikomo. Namna ya soft, inayorudisha kosa baada ya muda, ipo, na ukurasa wa mwongozo wake wenyewe unaonya kwamba inaweza kuharibu data kimyakimya. Upande wa seva, matoleo ya nfs-utils yaliyofuata 1.0.0 yalibadilisha chaguo-msingi kutoka async hadi sync, yaani seva isiseme imeandika kabla haijaandika. Kasi ilipungua. Hata hivyo naliona kuwa moja ya machaguo-msingi bora katika historia ya Linux, kwa sababu anayehitaji kasi atajua kuitafuta, ilhali anayehitaji usalama huwa hajui kwamba anauhitaji mpaka siku stima inapopotea.

Basi namba iwe ngapi? Swali la kujiuliza ni moja: muda ukiisha, kuna nani wa kufanya nini? Kama seva ina njia mbili za kulifikia ghala, swichi mbili na nyaya mbili zinazosimamiwa na multipath, kukata tamaa mapema ni vizuri, kwa sababu kuna njia ya pili inayongoja kazi. Hapo replacement_timeout huteremshwa hadi sekunde 5 au 15. Kama mfumo mzima wa seva umekaa kwenye diski ya iSCSI, hata programu ya kurekebisha mambo haiwezi kusomwa diski zikipotea. Ndiyo maana nyaraka za open-iscsi zinapendekeza 86400, siku nzima, na ulizo la noop lizimwe kwa kuwekewa 0. Na kama kuna njia moja tu na data ni ya hifadhidata, kama ilivyo katika vyumba vingi vya Kakamega, muda ukiisha hakuna wa kufanya lolote isipokuwa kuharibu. Hapo naweka 600. Dakika kumi zinamtosha mlinzi, jenereta, swichi, na hata mtu wa kupanda ngazi kuangalia kabati.

Kusubiri nako kuna gharama yake, na fundi aijue kabla haijamkuta. Programu inayosubiri diski haisikii amri ya kuuawa. Mzigo wa seva unapanda kwenye skrini ingawa hakuna kazi inayofanyika. Ukijaribu kuizima seva kwa adabu, nayo itasubiri. Kijana asiyejua hayo ataona seva imeganda na kubonyeza kitufe cha kuizima kwa nguvu, akasababisha hasara ile ile iliyokuwa inaepukwa. Kwa hiyo namba ya 600 iende pamoja na karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati, yenye maneno machache: ikiganda, angalia swichi kwanza.

Chaguo-msingi la pili linalonihangaisha ni la kuamka. Debian na Ubuntu huleta node.startup ikiwa manual: seva ikiwaka haiunganishi diski za mbali mpaka iambiwe. Red Hat huleta automatic. Hoja za pande zote nazielewa. Seva iliyojiunganisha yenyewe na diski isiyo yake inaweza kufanya madhara. Lakini stima ya Kakamega hurudi saa nane usiku wakati hakuna mtu, na asubuhi wagonjwa au wanachama wamejipanga foleni. Kwa diski za data nachagua automatic.

Tatizo ni kwamba mashine haziamki kwa mpangilio. Seva ndogo huwaka upesi. Ghala lenye diski nyingi hukagua kila moja kabla ya kufungua mlango wa 3260. Seva inajaribu kuingia mara 8, kila jaribio likipewa hadi sekunde 15, na hapo tena tumerudi kwenye takriban sekunde 120. Baada ya hapo inaacha. Ukipandisha node.session.initial_login_retry_max hadi 40, una dakika kumi, na ghala limepata muda wa kujikusanya.

Kisha kuna /etc/fstab. Diski ya mtandao iwekewe neno _netdev, ili Linux ijue kuwa isiitafute kabla mtandao haujawa tayari. Wengi huongeza nofail, ili seva isikwame kwenye hali ya dharura ambayo huwezi kuifikia kutoka nyumbani. Ni ushauri mzuri wenye mtego ndani yake. Diski isipopatikana, seva inawaka bila hiyo, na ile folda ambayo diski ingetandikwa juu yake ipo bado, tupu, kwenye diski ya ndani. Programu inaikuta, inaandika humo kwa furaha. Risiti za asubuhi nzima zinaingia mahali ambapo pakiunganishwa diski halisi zitafunikwa zisionekane. Kinga yake ni mstari mmoja kwenye faili ya systemd ya programu husika, RequiresMountsFor, ukifuatwa na njia ya folda. Kwa mstari huo programu haianzi mpaka diski iwe imetandikwa. Ningefurahi kuona vifurushi vya hifadhidata vikiuleta mstari huo vyenyewe.

Usalama niuguse kwa ufupi, maana una sura yake mbele. Kwenye faili ile ile, mistari ya CHAP, yaani ya jina na nywila za kuingia kwenye ghala, huja ikiwa imezimwa. Ghala linaweza kuambiwa liikubali seva kwa jina lake tu, lakini jina hilo limo kwenye faili ndogo ya /etc/iscsi/initiatorname.iscsi na yeyote mwenye laptopu kwenye mtandao huo anaweza kuliiga. Kuna hatari hata bila adui: fundi akinakili seva nzima ili kutengeneza ya pili, amenakili na jina. Seva mbili zikiitandika diski moja ya ext4 kwa wakati mmoja, zitaiharibu bila onyo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinamtaka anayeshika taarifa za watu aweke ulinzi wake tangu kwenye usanifu na kwenye chaguo-msingi. Faili ya mgonjwa inayopita kwenye waya bila nywila, ndani ya mtandao ule ule wa wageni wa wifi, haitimizi hilo. Washa CHAP, na kwa kuwa CHAP haifichi data inayopita, litenge ghala na seva zake kwenye mtandao wao pekee.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopo hapa mjini, kinafundisha kompyuta, na kinafundisha pia usimamizi wa majanga. Natamani wanafunzi wa fani hizo mbili waketi darasa moja kwa muhula mmoja, kwa sababu haya yote ni usimamizi wa majanga yaliyofupishwa kuwa sekunde.

Jambo moja huwaponyoka hata waliosoma mpaka hapa. Kuibadilisha iscsid.conf hakubadilishi chochote kwenye diski ambazo seva tayari inazijua. Namba zilizomo hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya kila diski siku ilipogunduliwa, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayotumika tangu siku hiyo. Faili kuu ni kwa ajili ya diski zitakazokuja. Kwa zilizopo, tumia iscsiadm -m node -o update ukitaja jina la mstari na thamani mpya, kisha toka na uingie tena kwenye ghala, programu zikiwa zimesimamishwa. Ukitaka kujua seva inatumia namba gani saa hii, soma recovery_tmo chini ya /sys/class/iscsi_session. Mara nyingi utakuta 120 imekaa pale ingawa faili inasema 600.

Halafu pima. Chagua Jumamosi ofisi ikiwa imefungwa, hakikisha nakala ya data ipo na imejaribiwa, acha programu ikiandika, kisha chomoa swichi ukutani na uangalie saa. Usichomoe waya wa seva. Hilo ni jaribio jingine na ni jepesi mno. Mwombe mlinzi awashe jenereta kama anavyofanya siku zote, bila kumharakisha. Fuata logi kwa journalctl -kf mpaka uandishi uendelee. Muda ulioupata, uzidishe mara mbili au tatu, uuandike kwenye faili, na juu yake weka mstari wa maelezo wenye tarehe, kipimo ulichokipata, na jinsi jenereta ilivyowashwa. Swichi ikibadilishwa, au jenereta ya kujiwasha ikinunuliwa, atakayekuja baadaye ataona namba ilitoka wapi na ataipima upya.